Anatembea, Ndiyo. Lakini Anafika?



Leo, hapa Nakivale, nataka tukalie swali moja. Mnalijua. Liko katika fomu nyingi tunazozunguka nazo nyumba kwa nyumba: je, una ugumu wa kutembea au kupanda ngazi? Majibu ni manne. Hapana, hakuna ugumu. Ndiyo, ugumu kiasi. Ndiyo, ugumu mwingi. Hawezi kabisa. Unaweka alama, unaenda kwa swali la kukumbuka, unaondoka. (Ngazi zenyewe hapa kwetu ziko wapi? Tunauliza hivyohivyo, watu wanacheka, tunaandika.)

Swali lenyewe halikutungwa vibaya. Limetoka kwa Washington Group, kundi la wataalamu wa takwimu lililoundwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001, na linakwenda na mengine matano: kuona, kusikia, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Yalitungwa kwa ajili ya sensa, ili nchi ihesabu watu wenye ulemavu kwa maswali mafupi bila kumwita mtu jina la kumdhalilisha. Kwa bibi aliyevunjika nyonga swali linafanya kazi. Kwa kijana aliyepigwa risasi mguuni kabla ya kuvuka mpaka, linafanya kazi pia. Mimi shida yangu ni mtoto mwenye usonji.

Usonji, ambao wengi wetu kule Kongo tuliusikia kwa jina la otizimu, ni namna tofauti ambavyo ubongo unakua tangu mtoto akiwa mdogo. Unagusa jinsi anavyowasiliana na watu, jinsi anavyopokea sauti, mwanga na mguso, na jinsi anavyoshikilia mambo yaleyale kila siku. Si pepo. Si laana ya ukoo. Si mama aliyeshindwa kulea. Hayo tumeshayaandika sana humu, sitayarudia. Ninachotaka kusema ni kwamba tunapopima mwendo wa mtoto huyo kwa lile swali moja, au kwa kumfanyisha mazoezi mawili matatu ofisini, mara nyingi tunaandika kitu ambacho si kweli. Na kitu hicho kinakaa kwenye faili miaka.

Chukueni mtoto mmoja wa miaka 9. Nimebadilisha mambo madogo asijulikane. Huyu anakimbia, jamani. Akianza, boda inamfuata. Anapanda mti wa mwembe kama tumbili. Siku ya fomu, aliyeuliza alimwona akiruka pale uani, hata hakumaliza swali: hakuna ugumu, alama, tuendelee.

Sasa sikilizeni maisha yake. Shule haiko mbali, dakika 15 kwa miguu. Hafiki. Katikati ya njia kuna mashine ya kusaga unga, na ikinguruma anajiziba masikio, anakaa chini, au anageuka na kukimbia upande wowote. Upande mmoja kuna barabara ya malori. Upande mwingine, ukishuka sana, kuna ziwa. Akitumwa dukani hafiki, akifika harudi. Akipewa kikombe cha uji akitembee nacho hatua kumi, nusu inamwagika. Mpira ukirushwa kwake unampiga kifuani kabla mikono haijainuka, kwa hiyo wenzake walishaacha kumrushia. Na mama yake, anapokwenda kulima kwa watu ili wapate chochote, anamfunga kwa kitenge kwenye nguzo ya nyumba. Kutwa nzima. Yule mtoto ambaye faili inasema hana ugumu wa kutembea ndiye anayetembea kidogo kuliko watoto wote wa mtaa.

Mama alikwenda ofisi moja kuomba asaidiwe kujenga uzio na kupewa mtu wa kumsindikiza mtoto shuleni. Aliambiwa kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu, mtoto anatembea vizuri. Akarudi nyumbani. Kiboksi kimoja kilimjibu.

Tangu Julai 2023, WFP ilipogawa kaya za wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu, wengine wapate 60 kwa 100 ya posho, wengine 30, wengine wasipate kitu, kila mtu hapa amejifunza kwamba alama kwenye karatasi ina uzito. Sisemi kiboksi cha kutembea ndicho kinachoamua nani ale. Nasema tu kwamba sisi tunaoshika kalamu tusijifanye hatujui kalamu inafanya nini.

Kuna watu watasema: lakini usonji ni mambo ya kuongea na kuchangamana, miguu inaingiaje? Inaingia tangu zamani. Daktari Leo Kanner, aliyeandika kuhusu watoto 11 kule Marekani mwaka 1943, aliona kwamba baadhi yao mwendo wao ulikuwa mzito, wa kujikwaa. Hans Asperger wa Vienna, mwaka uliofuata, naye aliandika kuhusu watoto waliokuwa wazito katika michezo na kazi za mikono. Halafu jambo hilo likasukumwa pembeni. Hata kitabu cha Wamarekani cha kutambua maradhi ya akili na ukuaji, toleo la 2013, kinaupima usonji kwa mawasiliano na kwa tabia za kujirudia. Mwendo usio wa kawaida kinautaja tu kama kitu kinachoweza kuambatana. Matokeo yake ni kwamba daktari anaweza kumaliza kazi yake yote bila kumwomba mtoto asimame kwa mguu mmoja.

Mwaka 2020 mtafiti Anjana Bhat wa Chuo Kikuu cha Delaware alichapisha majibu ya maelfu ya wazazi wa watoto wenye usonji Marekani. Karibu watoto 87 kwa 100 walionekana kuwa katika hatari ya kuwa na shida ya kuratibu mwili. Waliokuwa wakipata tiba ya viungo hawakufika theluthi moja. Hiyo ni Marekani, ndugu zangu, penye hospitali na bima. Sasa jipimie mwenyewe hapa Isingiro, ambapo safari ya kumwona mtaalamu Mbarara inaanza na kutafuta nauli.

Kwa hiyo shida ipo. Swali ni namna ya kuiona. Na hapa naomba tutenganishe vitu viwili ambavyo Kiswahili chetu cha kila siku kinavichanganya: kujongea na kwenda. Kujongea ni mwili: mizani, nguvu, kurusha, kudaka, kukanyaga kisigino. Kwenda ni kutoka hapa mpaka pale kwa sababu fulani, na kurudi. Mtoto anaweza kuwa na mwili wenye nguvu na asiende popote. Mwingine anajikwaa kila hatua kumi lakini anajua njia zote za Base Camp kuliko mimi. Ukiwawekea alama moja umewapoteza wote wawili.

Shirika la Afya Duniani, katika mfumo wake wa mwaka 2001 wa kueleza ulemavu, linatenganisha kitu kinachokaribiana na hiki. Kuna anachoweza mtu akiwekwa mahali palipotulia, na kuna anachofanya kweli katika mazingira yake. Mfumo huo ni wa kila nchi, wa mashirika yote. Wengi wenu wafanyakazi mmefundishwa. Lakini siku ya kazi, tableti mkononi, jua kali, kaya 30 za kumaliza, tunapima la kwanza tu, tena kwa kutazama kwa jicho moja.

Vipimo vya kitaalamu vipo pia. Kuna Movement ABC, toleo lake la pili la mwaka 2007, kwa watoto wa miaka 3 hadi 16: kazi za vidole, kulenga na kudaka, na mizani. Kuna TGMD, inayoangalia kukimbia, kuruka, kurusha, kupiga teke na kadhalika. Ni vizuri, sivibezi. Wataalamu wa tiba ya viungo wanavitumia duniani kote, na watoto wengi wenye usonji wanaonekana wazi humo, hasa kwenye kudaka na kwenye mizani. Lakini vina mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni maelekezo. Mtoto anaambiwa: ruka kwa mguu mmoja mpaka kwenye alama, geuka, rudi. Asiporuka, amepata sifuri. Sifuri ya nini? Ya mguu, au ya sikio? Watafiti wawili, Breslin na Rudisill, walionyesha mwaka 2011 kwamba watoto wenye usonji walifanya vizuri zaidi kwenye TGMD walipoonyeshwa kadi za picha za kila kazi kuliko walipopewa maelekezo ya kawaida. Mwili ni uleule. Kilichobadilika ni namna ya kuuliza. Sasa mtoto wetu anaongea Kibembe au Kifuliru nyumbani, kama anaongea. Mpimaji anasema Kiingereza, mkalimani anageuza Kiswahili, mama anageuza tena. Mpaka agizo lifike kwa mtoto limeshakuwa kelele. Na tunaandika: ameshindwa kuruka.

Kuna kipimo kingine rahisi sana, cha kuinuka kwenye kiti, kutembea mita 3, kugeuka, kurudi na kukaa, huku mtu anashika saa. Nilikiona kikifanywa kwa mvulana mmoja. Aliinuka vizuri, akatembea mita 3 vizuri kabisa, akaendelea, akatoka mlangoni, tukamkuta kwenye bomba la maji. Mpimaji hakujua aandike sekunde ngapi! Kwangu mimi lile lilikuwa jibu zuri kuliko sekunde. Miguu mizima. Sababu ya kurudi kwenye kiti haikuwepo. Na maji yanamvuta. Mambo matatu muhimu kuhusu mtoto huyo, na hakuna hata moja lililokuwa na nafasi kwenye karatasi.

Mtego wa pili ni kwamba vipimo hivi vililinganishwa na watoto wa huko vilikotungwa. TGMD ina kazi ya kushika gongo kwa mikono miwili na kupiga mpira uliotulia, ule mchezo wao Wamarekani. Mtoto wa hapa hajawahi kuona gongo isipokuwa la kupigia punda au mwizi. Mpe bidoni. Mtoto wa miaka 10 anayetembea na bidoni ya lita 5 kichwani kwenye kilima chenye mvua, akavuka mfereji, hajamwaga, huyo ana mizani ambayo sijui kama huko wanaipima. Na asiyeweza, wakati dada yake mdogo anaweza, hapo umepata habari ya kweli bila kununua sanduku la vifaa.

Ndiyo maana nasema apimwe pale anapokwenda. Kwenye bomba, kwenye njia ya shule, kwenye uwanja wa mpira wa vitambaa, jikoni kwa mama. Nenda naye. Usimwite aje. Tembea nyuma yake, siyo mbele, uone anasimama wapi na nini kimemsimamisha: mashine, mbwa, nyasi zinazochoma miguu, watu wengi, daraja la mbao linalocheza. Mwonyeshe kwa mwili wako badala ya kumwambia. Kama unaweza kuchora, chora. Nenda siku mbili tofauti, kwa sababu mtoto ambaye hakulala usiku si yule wa jana. Haya yote hayahitaji digrii, mimi mwenyewe sina. Yanahitaji asubuhi mbili.

Na muulize mama. Siyo "anatembea?" Huyo mama atakujibu ndiyo, kwa nini asijibu ndiyo? Muulize: ukimlinganisha na watoto wa rika lake, nini kinamchelewesha? Anaanguka? Anavaa viatu mwenyewe? Anakwenda wapi peke yake? Amepotea mara ngapi, na mlimkuta wapi? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na ramani ya mwana ni hivyohivyo. Lile swali la kupotea msiliruke. Utafiti wa wazazi Marekani uliotoka mwaka 2012 ulikuta karibu nusu ya watoto wenye usonji walishajaribu kutoroka mahali salama angalau mara moja baada ya kufika miaka 4. Hatari kubwa ni maji na magari. Sisi tuna ziwa na tuna malori.

Nijue nitasemwa kuhusu ule mtoto wa kitenge. Kufunga mtoto ni vibaya, nakubali, kunamdhuru mwili na roho, na misuli isiyotumika inadhoofika. Lakini ukikuta amefungwa usianze na vitisho vya polisi. Anza na swali: anapofunguliwa anakwenda wapi? Jibu la swali hilo ndilo tathmini yenyewe. Mama yule amepima mwendo wa mtoto wake kuliko sisi wote, akapata matokeo, akakosa msaada, akabaki na kitenge.

Kuna mambo machache ya mwili ambayo mtu wa kujitolea anaweza kuyaona na kuyapeleka mbele. Kutembea kwa vidole ni mojawapo. Watoto wengi wadogo hufanya hivyo kidogo wakaacha. Wenye usonji huendelea zaidi kuliko wengine. Angalia kandambili: kama zimeisha mbele na kisigino ni kipya, umepata jibu. Kukanyaga vidole tu si kosa. Kinachotia wasiwasi ni kama kisigino hakifiki tena chini hata akisimama ametulia, maana mshipa wa nyuma ya kifundo unaweza kuwa umefupika kwa miaka, na hapo anahitaji mtaalamu wa viungo kabla haijawa kazi ya upasuaji. Usimvute mguu kwa nguvu. Tazama, andika, peleka.

Hapa sisi Wakongo tusimame kidogo. Siyo kila anayekanyaga vidole ana usonji. Kuna konzo. Jina hilo ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa, na daktari Trolli aliuandika ugonjwa huo kule Kwango mwaka 1938. Unatokana na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, pamoja na chakula duni kisicho na protini, na umeonekana hata Kivu ya Kusini. Mtoto aliyekuwa anatembea vizuri anakakamaa miguu yote miwili ghafla, ndani ya siku moja au chache, halafu haendelei kuharibika. Tofauti kubwa ni hiyo: konzo ina tarehe. Mama atakuambia ilikuwa wiki ile ya kukimbia, tulikula muhogo wa siku moja. Mtoto mwenye usonji anayetembea kwa vidole amefanya hivyo tangu alipoanza kutembea. Swali moja tu, "tangu lini?", linatenganisha njia mbili za matibabu. Na kwa ujumla mtoto yeyote anayepoteza mwendo aliokuwa nao, usimwandikie usonji ukaishia hapo. Huyo ni wa daktari, haraka.

Tena, wapendwa, kutikisa mikono, kuyumba mbele na nyuma, kuzunguka kama pia: hayo ni kujongea pia, na wengi wetu tunayaandika kama kasoro ya kuondolewa. Nimeona mtoto akishikwa mikono kwa nguvu na mtu wa kujitolea mwenzangu, eti atulie apimwe. Wengi wao mwili unatulia kwa njia hiyo. Kama hajiumizi wala haumizi mtu, mwache ayumbe, mpime akiyumba. Utapata majibu mazuri zaidi kuliko ya mtoto aliyeogopa.

Sasa vijana. Hawa tumewasahau kabisa. Programu nyingi za usonji zina picha ya mtoto mdogo mwenye mpira wa rangi. Yule wa miaka 5 anayekimbia sokoni watu wanacheka na kumrudisha. Akifika 16, ana ndevu, anakimbia sokoni vilevile, ameshika kitu kilichomvutia bila kulipa, hajibu akiitwa, mwendo wake unaonekana kama wa mlevi. Mnajua neno litakalopigwa kelele. Kwa kijana huyo kupima mwendo ni suala la uhai. Anaweza kuvuka barabara? Akipotea anaweza kuonyesha karatasi au bangili yenye jina la mtaa? Madereva wa boda wa stendi yake wanamjua sura? Polisi wa kituo wanamjua? Mimi ningeandika hayo kwenye fomu ya mwendo kabla ya kuandika anaruka sentimita ngapi.

Na kuna kitu cha kuangalia kwa vijana hasa. Mwaka 2000, Lorna Wing na Amitta Shah wa Uingereza waliandika kuhusu watu wenye usonji waliopelekwa kwenye huduma yao. Kati ya wale wa miaka 15 na kuendelea, 17 kwa 100 walikuwa na dalili za kugandama, kile madaktari wanaita katatonia. Kijana aliyekuwa anakwenda vizuri anaanza kupungua kasi. Anasimama mlangoni, hawezi kuvuka kizingiti mpaka aguswe bega. Kijiko kinabaki hewani. Nyumbani wanasema mvivu. Kanisani wanasema amefungwa. Anafungwa kweli, lakini ni ugonjwa, una matibabu, na ukipuuzwa kijana anaweza kuacha kula na kunywa. Fomu isiyouliza "mwaka jana alikuwa anatembeaje?" haiwezi kumwona.

Halafu dawa. Baadhi ya vijana wetu wamepewa vidonge vya kuwatuliza, kama haloperidoli. Dawa hizo zinaweza kukakamaza mwili, kuleta mtetemeko, au kinyume chake kumfanya mtu asiweze kukaa hata dakika. Ukipima mwendo wake bila kuuliza anakunywa nini na tangu lini, umepima kidonge. Lakini usimwambie mama aache dawa. Andika, mpeleke kwa aliyemwandikia.

Najua majibu ya ofisini. Muda hakuna. Bajeti imekatwa, na ni kweli imekatwa, tunaona wenyewe nani bado anakuja na nani haji tena. Na wengine watasema watu wa kujitolea si wataalamu, wataanza kugawa majina ya magonjwa. Hilo la mwisho nalikubali nusu. Tusigawe majina. Sisi si wa kusema huyu ana usonji na yule hana. Lakini kusema "anaanguka mara tatu kati ya nyumbani na bomba, anasimama kwenye mashine ya unga, alikutwa ziwani mara mbili mwezi huu" si kugawa jina. Ni kuona. Mtaalamu wa viungo anayekuja kwetu kwa nadra, ana saa chache na watoto wengi, akikuta sentensi hiyo imeandikwa anaanza kazi palepale. Akikuta "hakuna ugumu" hata hamwiti.

Kuhusu muda: UNICEF na Washington Group wenyewe waliona maswali sita mafupi hayatoshi kwa watoto. Mwaka 2016 wakatoa maswali mengine, kwa umri wa miaka 2 hadi 17, yanayoulizwa kwa mama au mlezi. Kwa wakubwa kidogo yanauliza kuhusu kutembea mita 100, kama urefu wa uwanja wa mpira, kisha mita 500, na yanaendelea kuuliza kuhusu kukubali mabadiliko, kudhibiti tabia, kupata marafiki. Hayo ni ya bure. Bado yanasema kutembea mahali tambarare, na sisi tunaishi vilimani penye kelele, lakini ni afadhali mara kumi. Ofisi inayomhesabu mtoto kwa maswali ya watu wazima wakati ya watoto yapo, hapo bajeti si sababu.

Sisi watu wa kujitolea wa upande wa Juru tumeanza kuandika mistari yetu nyuma ya fomu, kwa kalamu, hata kama tableti haina nafasi. Anakwenda wapi peke yake. Nini kinamsimamisha. Anaanguka wapi. Amepotea lini na alikutwa wapi. Mwaka jana alikuwaje. Anakunywa dawa gani. Tunampa mama nakala, aishike siku ya mtaalamu. Kwa sasa ni ya Kiswahili tu, na kuna mama wawili wa Kibembe na mmoja Msomali ambao tulilazimika kuwaeleza kwa mikono. Mwenye lugha hizo na nusu saa Jumamosi aandike hapo chini, tutampigia.